Sauti ya Mama Haina Umeme

Utange, Kisauni
12 Machi 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kaloleni, na kwamba lile goti limepoa. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina hasira, na ni vyema nikwambie mapema usije ukaitafuta katikati ya maneno.

Ulinipigia simu ukaniambia niachane na Mwalimu Munga wa kwaya. Ukasema ni mtu wa heshima, kitabu cha nyimbo cha kanisa kiko karibu kupigwa chapa, na kuandikwa jina la marehemu mama juu ya wimbo wake hakutamrudisha. Baba, siachani naye.

Kwenye matanga ya mama ndipo alipoazima ile kanda ya wimbo huo, ati waombolezaji wamsikie akiimba na kayamba lake. Aliirudisha baada ya miezi minne. Leo anaiambia kamati ya kitabu kwamba wimbo ni wake, kwamba alimfundisha mama na kumrekodi katika studio yake Kiembeni. Nawe ulipoulizwa ukawajibu wazee kwamba wimbo huo hukuwahi kuusikia nyumbani kwako.

Kazi yangu unaijua kwa kuicheka: natengeneza redio na spika pamoja na Anwar pale Junda. Kwenye kompyuta tunayo programu ya bure, Audacity, inayoweza kuichora sauti ikawa picha. Inaikata vipande vidogo vidogo na kuvipanga: muda unakwenda kulia, sauti nzito zinakaa chini, nyembamba juu, na palipo na nguvu panang'aa. Studio ya umeme huacha mvumo wake kwenye kanda, na katika picha mvumo huo ni mstari ulionyooka chini kabisa, mwanzo hadi mwisho. Nyumba yetu wakati ule haikuwa na umeme. Mama alirekodi kwa redio ya betri.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa na mstari. Niliuangalia, nikajua Munga kanishinda. Anwar akaniuliza, kwa upole wake, "Dada, chaja umeitoa?" Sikuwa nimeitoa. Mvumo ulikuwa wa kompyuta yetu wenyewe. Tukachomoa kila kitu, tukaicheza kanda kwa betri, nikavirefusha vile vipande ili sauti nzito zitengane vizuri, na pale chini pakawa peusi. Kisha tukachora kanda nyingine ya kwaya, ambayo Munga kweli aliirekodi studioni kwake. Mstari huo hapo, umenyooka kama uzi wa mwashi.

Nilipompelekea Munga picha hizo, alisema hakuanza muziki jana hata afundishwe na rangi za kompyuta. Nikamjibu kwamba tutaonana mbele ya kamati.

Sasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kayamba, kwa mchakacho wake mwembamba, huijaza picha upande wa juu. Chini yake, kabla mama hajaanza ubeti wa pili, niliona alama fupi, nzito, zisizo za mama. Nikaziondoa sauti zote za juu. Akabaki mwanamume anayecheka, akisema, "Mbeyu, rudia hapo pa mvua." Halafu anaimba naye hadi mwisho.

Baba, sauti hiyo ni yako. Ni wewe peke yako uliyemwita mama Mbeyu; wengine wote walimwita Mama Winfred.

Najua ulipofanywa mzee wa kanisa uliapa kwamba ngoma za kayamba hukuwahi kuzigusa. Hilo ni lako na Mungu. Lakini kumkana mama mbele ya watu ili wewe usionekane uliwahi kuimba, hilo linanihusu. Nakiri sikukuomba ruhusa: kipande hicho nimeshamkabidhi katibu wa kamati pamoja na picha zote, na sikirudishi.

Kitachezwa Jumapili baada ya ibada ya pili. Njoo uwaambie mwenyewe kabla hawajakusikia, au kaa huko wakusikie bila wewe. Mimi nimekisikiliza mara nyingi na hasira yangu haijapungua. Ila tangu nizaliwe, Baba, sijapata kukusikia una furaha vile.

Wasalimie shangazi na wote wa nyumbani, na kila anayeniulizia mwambie niko imara.

Mimi mwanao, binti wa Mbeyu,
Winfred Tsofa