Hukufeli Tabia, Mwanangu

Karakana ya sare, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9, alasiri

Mpendwa mwanangu Kiherehere,

Kabla ya yote, u mzima? Mgongo umetulia? Na kile chumba chako kinachovuja, mwenye nyumba ameziba au bado anaziba kwa maneno? Sisi huku hatujambo. Bibi yako anakula, anasali na anatukemea, kwa hiyo afya ipo. Mimi ni magoti tu, na hayo ni ya umri.

Nikulaumu kidogo, kisha niache. Habari ya usaili wako nimeipata kwa baba yako, mezani, tonge likiwa mkononi: "Mtoto kaangushwa kazi. Kafeli tabia." Bibi yako akaacha kula. "Tabia? Kafanya nini? Kalewa?" Huyo baba yako, kaka yangu, badala ya kueleza, akasema hata yeye hajui, ila siku hizi wana mashine ya kupima. Bibi yako akaingia chumbani kukuombea toba. Nimekesha nikimweleza kwamba ni maswali ya kompyuta tu, waajiri wanataka kujua mtu akiwa kazini anakaaje na wenzake. Bado ananitazama kama ninayeficha jambo.

Ulilala kitanda kimoja na mimi tangu darasa la pili, nimekusomesha kwa sindano, halafu habari zako nazipata kama jirani. Imeniuma. Nimeshasema, yamekwisha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Juzi nilipokupigia ulisema maswali yalikuwa themanini, na kila palipo na jambo jema umejibu "nakubali kabisa". Hujawahi kukasirika kazini. Hujawahi kusahau. Huwa unasubiri mwenzako amalize kuongea. Wewe? Nilitaka kucheka, lakini sauti yako ilikuwa ya kulia, nikajizuia.

Mwanangu, mizani isiyotikisika imekwama. Themanini kwa themanini haimshawishi mtu anayejua hesabu. Hukufeli tabia; ulijibu kama unayeulizwa na bibi yako mlangoni, viatu mkononi. Pale kweli jibu lilikuwa moja tu. Hawa si bibi yako.

Nikwambie ninavyochagua mafundi wangu. Kila anayekuja namuuliza alichokosea mara ya mwisho. Mwaka jana alikuja kijana mmoja mtanashati. "Sijawahi kukosea, mama." Nikamwambia, "Basi hujawahi kushona." Akafuata dada mmoja, kimya, macho chini. "Nilikata mashati na mikono yote ya kushoto." Nikamuuliza, "Ukafanyaje?" "Nikamwambia bosi kabla hajaona. Tukakata mingine. Tangu hapo naandika kwa chaki kabla ya kushika mkasi." Huyo ndiye mkuu wa meza ya kukatia leo. Tunamwita Mkono wa Kushoto, na anaitika.

Sasa ghala lingine la dawa limekuita Alhamisi ijayo, usimamizi wa zamu uleule, na umesema hawa wakikukataa hutaomba tena popote, utazeekea hapo kaunta ya duka la dawa. Sitaki kusikia hilo. Tufanye kazi.

Maswali themanini kwa dakika arobaini ni nusu dakika kila moja. Inatosha kusoma mara mbili. Swali likirudi kwa sura nyingine, usidhani ni mtego wa kukukomoa. Wanatazama kama wewe ni mtu mmoja. Palipoandikwa "daima", simama, ujiulize kama ni daima kweli. Ukikuta ni mara nyingi, weka mara nyingi. Hapo katikati ndipo watu wazima wanapoishi.

Baadaye watakuketisha mbele ya watu, wakuulize siku uliyogombana kazini. Usiseme hujagombana. Wape kisa cha yale maboksi ya dawa yaliyolowa. Dereva aliyeyaleta alitaka utie sahihi kwamba umeyapokea salama, ukakataa, akakuita binti mkaidi, nawe ukampandishia sauti mbele ya wateja. Usiifiche hiyo sauti. Kisha sema ulivyomwita pembeni, ukamwomba radhi kwa kelele lakini si kwa sahihi. Waambie dawa zilirudishwa. Kisha nyamaza. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwako; bana ulimi kwa meno kama ni lazima.

Jizoeze kwa sauti, mbele ya kioo, na yule rafiki yako muuguzi akuulize. Usikariri. Maneno yaliyokaririwa yananukia pasi.

Wewe ni mkaidi, una haraka, na hujawahi kumwacha mgonjwa aondoke bila kumweleza dawa yake. Ningekuajiri mimi mwenyewe, ila hujui kushona kifungo.

Wakikupa kazi, mwambie baba yako kwanza, afurahi. Wakikunyima, nipigie mimi kwanza. Usiniambie "salama tu, shangazi". Lia. Nitaweka simu sikioni na mkasi mezani, sare za watu zitasubiri.

Mama yako mdogo anakusalimu, na watoto wake pacha wanauliza utakuja lini. Mkono wa Kushoto anasema ukashinde. Bibi anakuombea riziki isiyokupunguzia utu, nami naitikia amina.

Wako akupendaye hata anaponuna,
Shangazi