Gofu Chini ya Mikorosho

Newala, Jumatano jioni. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chai. Mikono inauma. Nimefurahi.

Jambo lenyewe ni hili. Meli ya abiria itatia nanga Mtwara wiki ijayo, na wenye meli wanataka mwandishi mmoja wa gazeti letu apande mpaka Dar es Salaam, acheze gofu na abiria kwenye sitaha. Kule mpira hupigwa kuelekea wavuni, usije ukaishia baharini. Mhariri alinipa nafasi hiyo kwa sharti: leo, kabla posta haijafungwa, wakala wetu wa hapa Newala aje anitazame nikicheza, kisha ampelekee telegramu. Nikishindwa, anakwenda mwenzangu wa Lindi.

Nimeripoti kesi za mauaji, moto na ziara za gavana. Fimbo ya gofu nimeishika juzi tu.

Mwalimu ni mlamu wangu, Baba Somoe, mume wa dada yangu. Alikuwa mtumishi wa mezani melini kwa miaka mingi, akarudi nyumbani na fimbo moja na mipira michache. Uwanja wetu ni shamba lao la mikorosho. Msimu huu chini ya miti pamefagiwa pakawa peupe, ili korosho zikianguka zionekane. Hapana jani wala kijiti.

Palikuwa hivyo kabla yangu.

Tatizo langu ni jembe. Nimelima tangu utotoni na mwili haujasahau: nainua fimbo juu ya kichwa, naishusha wima. Mpira ulibaki pale pale. Kilichoruka ni udongo.

"Mlamu, tunapiga mpira, hatuchimbi kaburi," alisema Baba Somoe.

Dada alikuja, akayaona mashimo, akashika kiuno, akanigeukia. "Baba Rashidi, unapanda muhogo kwenye korosho zangu? Chukua ufagio, utengeneze ulichoharibu."

Kwa dada yangu hakuna rufaa. Nikafukia mashimo, nikashika ufagio wa matawi, ule mrefu wa shambani, nikafagia mstari mzima wa miti. Nilikuwa bado nafagia wakala alipofika, Bwana Chitanda, mtu mzima asiyecheka ovyo. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ndiyo gofu yenyewe hii? Basi mke wangu bingwa."

Sikupata nafasi ya kupumzika. Niliweka ufagio chini, nikachukua fimbo, na mikono ikaendelea na kazi iliyokuwa ikiifanya: chini chini, toka upande huu hadi ule, bila kuchota mchanga. Ukasikika mlio mdogo, mkavu. Mpira ukapita kati ya mikorosho miwili, ukaenda zake.

Kisha dada akapiga vigelegele.

Bwana Chitanda hakutikisika. "Bahati hiyo. Rudia."

Nikarudia. Mpira uligonga shina, ukatugeukia, tukainama sote, na kofia ya Bwana Chitanda ikaanguka. Nikadhani safari imekwisha. Aliiokota, akaipangusa, akasema, "Tena." Huo ulinyooka.

"Haya. Nitaandika anaweza. Siandiki anajua."

Ni sentensi ya haki. Ningeiandika hivyo hivyo mimi mwenyewe.

Telegramu imekwenda na safari ni yangu. Nimecheka peke yangu njiani, jambo nisilolizoea. Limebaki moja tu: sijawahi kupanda meli. Nilimuuliza mlamu, sitaha ikiyumba, mtu anasimamaje akapiga mpira? Akasema yeye alikuwa akingoja itulie.

"Na isipotulia?"

"Basi unakwenda kula, mlamu."

Nimeazimia kupanda na njaa.