Sauti Iliyokosekana Kona ya Tatu

Barabara ya Old Tannery,
Mulberry Gap,
North Carolina.

12 Oktoba

Mpendwa Shangazi Ovaline,

...na wala si gauni lililokwama, Shangazi, ni kichwa changu! Simu ilikatika kabla sijafika kwenye utamu wenyewe. Milango ya gari la mbio imechomelewa, kwa hiyo hata bibi harusi hana njia ila dirishani. Colby alikuwa ndani ananivuta mikono, mama yangu yuko nje ananisukuma, wote wawili wanacheka hadi machozi. Nilipoingia tukazunguka uwanja wa mbio polepole, shela langu likipepea nje ya dirisha, na watu wote jukwaani wakasimama wakirusha kofia zao juu. Laiti ungekuwepo. Nilifikiri moyo utanipasuka kwa furaha.

Haya, nimeanza na hadithi kabla ya salamu, utasema mdogo wako Vestal kaletewa mkwe asiye na adabu. U hali gani, Shangazi? Goti linaendeleaje? Baridi ya huko Akron imeshaanza kukusumbua, au bado unatoka nje kupalilia maua yako? Sisi huku hatujambo. Mama mkwe wangu, Mama Geneva, ni mzima, yuko jikoni tangu Jumatatu anapika matufaha ya kuweka kwenye chupa, na nyumba nzima inanukia mdalasini. Colby alipata ajali ndogo, lakini usishtuke, anatembea na anaongea. Nitakueleza.

Kwanza niache niseme kwamba nampenda mume wangu. Bado nikiliandika neno "mume" natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Asubuhi akitoka kwenda gereji ananiandikia jina langu jipya kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha pikapu, Delsie Absher, na mimi silifuti, naendesha nalo mpaka kazini. Wenzangu kule dukani wananicheka. Wacha wacheke.

Lakini nyumba yetu ina huzuni, Shangazi, na ndiyo sababu nimeamua kukuandikia badala ya kusubiri simu. Wewe ndiye uliyemlea Baba Vestal mama yenu alipofariki. Mama Geneva anasema duniani kote ni wewe tu ambaye Baba anakusikiliza bila kubisha.

Jambo lenyewe ni gari la umeme. Mwezi Agosti Bwana Rayford, mwenye uwanja, alitangaza kwenye vipaza sauti kwamba mwishoni mwa msimu litaletwa gari moja la umeme lishindane na magari yetu ya kawaida, na mambo yakienda vizuri, mwakani nusu ya mbio zitakuwa za umeme. Wale waliojenga nyumba mpya kule juu kwenye kilima wamelalamikia kelele mpaka mahakamani, na yeye anaogopa kufungiwa.

Ungesikia jukwaa siku hiyo! Hoyt Shumate alikuwa wa kwanza kusimama. Unamkumbuka Hoyt? Mama Geneva anasema aliwahi kukuletea maua ukamfungia mlango. Sasa ana tumbo, ila sauti ni ile ile.

"Hilo si gari, jamani," alisema. "Ni friji lililowekewa magurudumu!"

"Afadhali friji linalokimbia," Marla Kay akamjibu kutoka kwenye kibanda chake cha soseji, "kuliko wewe unayelikimbilia friji kutwa nzima."

Watu walicheka sana, lakini kicheko hakikudumu. Hoyt akasema, "Nikitaka kimya nakwenda kanisani. Hapa ninalipia kelele." Marla Kay akamuuliza uwanja ukifungwa atalipia nini, na wajukuu zake watajua wapi maana ya Jumamosi ya mbio. Hoyt akasema uwanja ulikuwepo kabla ya hizo nyumba, waliokuja jana wahame wao. Wengine wakaingilia, huyu anasema harufu ya petroli ndiyo utoto wake, yule anasema mwanawe mdogo analia kwa kelele na angependa kumleta. Mwisho mtu mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Na mafundi wa injini watakula nini?"

Basi kila mtu akamgeukia Baba Vestal, kwa kuwa fundi wa injini ni yeye. Yeye alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena.

Unajua, Shangazi, au labda hujui kwa sababu hapa halisemwi: mikono ya Baba imeanza kutetemeka. Si sana. Lakini injini si kitu cha kufungwa na mkono unaotetemeka, na ile ya gari la mbio la Colby iliyokufa kiangazi bado iko vipande vipande mezani gerejini, imefunikwa shuka. Colby hajawahi kumwuliza itakamilika lini. Anapita pembeni ya ile meza kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa.

Hapo ndipo Bwana Rayford alipomwomba Colby aendeshe lile gari la umeme, na Colby akakubali. Alitueleza tukiwa mezani, uso umemng'aa. Nilimpenda zaidi kwa ule uso, Mungu anisamehe.

"Ukikanyaga tu limeshafika, Baba! Halisubiri kitu. Ungelijaribu mwenyewe ungeona..."

"Halimsubiri fundi pia," Baba akasema.

"Baba, sina injini. Ningefanyaje?"

"Injini huna. Fundi ulikuwa naye."

Mama Geneva akaniambia, "Delsie, mpe baba mkwe wako maharage," na mimi nikampa maharage ambayo hakuyaomba na hakuyala.

Tangu hapo hawaongei. Tunaishi kwenye kiwanja kimoja, sisi kwenye nyumba ndogo na wao kwenye kubwa, na wakikutana wanasalimiana kama watu wa benki. Baba anaamini mwanawe amemtupa pamoja na ile injini. Colby anaamini baba yake angependa uwanja ufe kuliko yeye aendeshe kitu ambacho hakukitengeneza. Wote wawili wamenieleza mimi. Hakuna aliyemweleza mwenzake.

Kubwa kuliko yote ni ile redio. Wewe umekulia huku, huhitaji nikwambie kwamba dereva aliyekaa kushoto, amefungwa mikanda na kofia ngumu, haoni upande wake wa kulia, na lazima awe na mtu juu ya paa la jukwaa wa kumwambia kwa redio nani yuko ubavuni mwake. Tangu Colby aanze mbio, mtu huyo amekuwa baba yake. Hakuna mwingine. Colby aliwahi kuniambia kwamba akiwa uwanjani hafikirii hata kidogo, anaisikia tu ile sauti, "nje bado, nje bado, wazi," yaani gari bado liko ubavuni kulia, au limeshaachwa, naye anafuata. Kwa gari la umeme Baba alikataa kupanda paani. Wenye gari wakaleta binti mmoja wa kazi hiyo kutoka Charlotte, mwenye adabu na akili, ambaye uwanja wetu hakuwahi kuuona kabla ya asubuhi ile.

Siku ya mbio, Jumamosi iliyopita, Baba alikuja. Sikutegemea. Alikaa safu ya chini kabisa, mbali na kina Hoyt, na mimi nikaenda kukaa karibu naye bila kumwuliza. Alikuwa na ile redio ndogo ya washabiki, ya kusikiliza madereva wakizungumza na watu wao, na masikioni ameweka vile vipokea sauti vyake vikubwa. Nilichungulia. Ilikuwa kwenye namba ya Colby.

Shangazi, lile gari lilikuwa zuri. Nasema ukweli ingawa Hoyt angenifukuza mjini. Lilipita magari mengine moja baada ya jingine bila sauti yoyote ila matairi, na watu walionyamaza kwa dharau wakaanza kunyamaza kwa mshangao. Marla Kay alipanda juu ya kiti. Mimi nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Jua lilikuwa limeshuka, na jioni linapiga moja kwa moja kona ya tatu, macho ya aliye juu ya paa hayaoni kitu kwa kitambo. Baba hapo huwa anakaa kimya, anavuta pumzi, ndipo anasema "wazi." Ameniambia baadaye. Yule binti hakujua, akasema "wazi" papo hapo. Colby alikuwa analipita gari jekundu kwa upande wa ndani, na nikaona Baba ameinuka ghafla, ameishika ile redio kwa mikono miwili, anapiga kelele ndani yake:

"Nje bado! Colby, nje bado! Usipande!"

Redio ile ni ya kusikiliza tu, Shangazi. Haisemi. Yeye ndiye aliyeninunulia ya kwangu, anajua kabisa kwamba haisemi. Lakini aliendelea kupiga kelele kwenye kile kidude, mwanangu, mwanangu, usipande, mpaka Colby alipopanda kuelekea upande wa nje na gari jekundu likamgonga nyuma na kumpeleka ukutani.

Halafu tukautazama wavu. Unajua desturi: dereva akiwa mzima anauangusha mwenyewe ule wavu wa dirishani ili watu waone. Haukuanguka. Wazima moto walikimbia wakasimama hatua chache kutoka kwenye gari, kwa sababu walifundishwa wasiliguse kabla ya kupima umeme, na uwanja wote ulikuwa kimya. Kwa magari yetu angalau injini ikikoroma unajua kitu fulani bado ni hai. Hapa hakukuwa na chochote. Nilishika mkono wa Baba, au yeye alinishika, sijui.

Wavu ukaanguka. Watu wakalipuka kwa vifijo, Hoyt akiwemo, nilimwona anafuta macho kwa kofia yake. Colby alitoka na michubuko ya mikanda mabegani na ulimi aliouma, sasa anaongea kama amejaza viazi mdomoni na anakunywa supu tu. Nilimbusu mbele ya kila mtu, damu na yote.

Nilipogeuka kumtafuta Baba alikuwa anatoka getini. Nikamkimbilia. Alikuwa ameegemea pikapu yake.

"Mikono inatetemeka, Delsie," aliniambia. "Mdomo hautetemeki. Ningeweza kumwambia."

"Basi mwambie sasa, Baba."

"Usimweleze ulichokiona. Niahidi, binti. Ataniona kikongwe anayefokea redio, atanihurumia. Sitaki mwanangu anihurumie."

Nikaahidi. Ningefanyaje, Shangazi? Na sasa usiku wa harusi haujapoa nina siri kwa mume wangu, siri yangu ya kwanza, na inanikaa kifuani kama jiwe. Kwa sababu Colby naye alimwona baba yake akitoka getini, na juzi akaniambia kwa ule ulimi wake mbovu, "Alikuja kuona nikianguka. Alipoona, akaenda nyumbani." Nilitoka nje nikaenda kulia kwenye banda la kuku.

Mjini ndiyo usiseme. Hoyt anasema ukuta umetoa hukumu. Marla Kay anasema kosa ni la macho, si la betri, na kwamba magari ya petroli yamewahi kugonga ukuta ule ule miaka yote bila mtu kudai petroli ipigwe marufuku. Amekataa kumwuzia Hoyt soseji. Bwana Rayford amesema ataamua baada ya mbio za kufunga msimu, Novemba, na Colby ameshaahidi kuendesha tena. Binti wa Charlotte atakuwa juu ya paa. Baba anasema hatakanyaga tena pale uwanjani. Mimi sijui umeme na petroli nani ana haki, labda wote, lakini najua sitaki mume wangu aingie kona ya tatu tena bila sauti ile.

Mama Geneva anakusalimu sana na amekuwekea chupa za matufaha. Mama yangu pia anakusalimu, anasema ile picha ya gauni dirishani ameitundika sebuleni. Hoyt, ukitaka kujua, aliuliza habari zako. Wasalimie majirani zako wote, na yule rafiki yako wa kanisani aliyenitumia vikombe. Mungu akutunze, akulainishie hilo goti, na akupe majira ya baridi yasiyo na ukali.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilimwuliza Baba kama angependa kumwona dada yake, akajibu ndiyo kabla sijamaliza swali. Nikamwuliza Colby kama angenipeleka kwa shangazi yake ambaye hakuweza kuja harusini, naye hawezi kuninyima kitu, mpenzi wangu. Kila mmoja alipojua kwamba mwenzake anakuja nilikuwa nimeshamwambia Mama Geneva, na mara hii hakuna aliyembishia. Mama Geneva atabaki na kuku. Colby ataendesha, kwa sababu Baba haendeshi tena safari ndefu. Mimi nitakaa kiti cha nyuma na chupa za matufaha, na Baba mbele kulia, upande usio na usukani, ana miguu mirefu.

Kioo cha pembeni cha kulia cha pikapu yetu kimevunjika. Nilirudi nyuma vibaya nikagonga mti wa jirani. Colby alitaka kununua kingine jana na nimemkataza, nimesema tutanunua tukisharudi. Barabara ya kuja kwako ina malori mengi sana, Shangazi, na mtu aliyekaa upande ule atalazimika kumwambia dereva lini ni wazi.

Weka chungu cha supu motoni. Tutakuwa mlangoni kwako kabla ya mwezi huu kwisha.

Wako akupendaye ingawa bado hujamwona,
Delsie, mke wa Colby