Nilisema Ngitili Yetu Imekaa Bure

Shangazi Jovina, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu wilayani Biharamulo, na ninakuandikia nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, sijui nikueleze ipi kwanza, lakini hofu yenyewe imezaliwa na furaha, kwa hiyo acha nianze na furaha.

Shuleni tuna klabu ya sayansi inayosimamiwa na Mwalimu Verediana. Mwaka huu alituuliza ni mmea gani unaoota kwetu bila mtu kuujali, nikajibu kwamba ni mbono, kwa sababu sisi ni Wasukuma tuliohamia huku kutoka Shinyanga na nyumba zetu tumezizungushia ua wa mbono, ng'ombe hawauli kwa kuwa una sumu, na mbegu zake huanguka zikaoza. Basi tukaziokota kwenye nyua za kijiji kizima, tukazikamua kwa mashine ya mkono ya zamani ambayo haikamui tena alizeti, tukachuja mafuta kwa kitambaa, kisha Mwalimu akatupeleka kwa Mzee Juvenali mwenye mashine ya kusaga, ambaye dizeli ikimwishia hufunga mlango mpaka apatikane mtu wa kwenda kuinunua Nyakanazi.

Mzee Juvenali alitutazama, akalinusa dumu, akasema, "Mkiniulia injini, wateja wangu mtawasagia kwa meno."

Shangazi, injini ilifanya kazi! Aliiwasha kwanza kwa dizeli, ilipopata moto akafungulia mafuta yetu, ikakohoa, tukashikana mikono, halafu ikanguruma kama kawaida na unga ukatoka, wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Juvenali akawa anazunguka injini yake akisema, "Inakunywa ua! Jamani, inakunywa ua!" Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe.

Habari zikasambaa, na baada ya muda akaja wakala wa wanunuzi anayeitwa Pancras, akitokea Kahama, akaomba mkutano. Alieleza kwamba nje wanahitaji sana mafuta ya mimea, kwamba mbono hauhitaji maji wala mbolea, na kwamba tukipata shamba kubwa la mfano italetwa mashine ya kisasa ya kukamua, ikae kijijini kwetu, na sisi wasichana wa klabu tutafundishwa kupima ubora wa mafuta. Nilikuwa nimesimama mbele na chupa yetu ya mafuta mkononi, naye akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Binti msomi, hebu tuambie, hapa kwenu kuna ardhi iliyokaa bure?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ipo! Kuna ngitili yetu, haijaguswa tangu mvua zianze."

Watu wakanipigia makofi. Wewe labda si mfugaji, kwa hiyo nieleze: ngitili ni sehemu ya malisho ambayo familia huifunga wakati wa mvua, hakuna ng'ombe anayeingia, nyasi zinaachwa zirefuke, na hufunguliwa kiangazi kikali wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Niliijua maana yake, lakini siku ile niliona tu mahali pasipolimwa.

Tulipofika nyumbani bibi yangu hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Wewe msomi, ngitili imekaa bure? Kiangazi ng'ombe watakula yale makofi mliyopigiwa?"

Baba alicheka, akamwambia, "Mama, mwache mhandisi wangu. Ametutoa tongotongo." Kisha akasema mwanzoni mwa mwezi ujao trekta la wakala litaingia kwenye ngitili, na yeye ataweka sahihi kwenye mkataba siku hiyohiyo.

Shangazi, baba yangu, Mzee Mashimba, hakuwa mtu wa kuniuliza habari za shule, lakini sasa hata mnadani ananitambulisha kwa watu, na juzi aliniambia nitasoma mpaka nichoke mwenyewe. Nikinyamaza, ngitili italimwa na kiangazi hatutakuwa na pa kupeleka ng'ombe, maana wakiingia hifadhini wanakamatwa. Nikisema, nitamwaibisha baba mbele ya wakala, mashine itakwenda kijiji kingine, na pengine furaha yake juu ya masomo yangu nayo itakwisha. Nami, nikisema kweli, ile mashine naitaka sana. Ninaomba unielekeze nianzie wapi.

Msichana wa klabu ya sayansi, Biharamulo

JIBU LA SHANGAZI JOVINA

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na tulipofika pale injini inapokunywa ua, watu wote waliacha kazi wakasikiliza. Hongera wewe, hongera Mwalimu Verediana, na mpe pole Mzee Juvenali kwa jasho lililomtoka.

Sasa kaa chini nikuseme. Ulipewa sifa kidogo ukagawa malisho ya familia. Ardhi ile ina baba yako, ina bibi yako, ina ng'ombe wasioweza kuja mkutanoni kujitetea, na wewe ukaitolea jibu kwa sababu umeitwa msomi. Lakini sikupi lawama peke yako. Wazee walikuwa wamejaa pale. Kwa nini mtu mzima aliyetoka Kahama kutafuta ardhi amuulize mwanafunzi mwenye chupa mkononi? Kwa sababu mzee angemjibu, "Ngoja tukazungumze." Wewe hukumngojesha.

Tena hebu tumia hiyo sayansi yenu. Mbegu zilizosaga unga wa Mzee Juvenali zilitoka ngitili ipi? Hazikutoka ngitili yoyote. Mliziokota kwenye nyua, na kijiji hakijapoteza hata unyasi mmoja. Basi kwa nini mbono uache mpaka, ambako unafanya kazi mbili, uende kukaa juu ya chakula cha ng'ombe?

Na hilo la kwamba hauhitaji maji wala mbolea ni nusu ya maneno. Kwenye ardhi kavu hautakufa, ni kweli, lakini mbegu utakazopata ni chache, na mti hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa cha maana. Katika safu hii nimepokea barua za wakulima waliong'oa mihogo wakapanda mbono shamba zima, halafu mnunuzi akazima simu. Mihogo ingekuwa imewabakia, wangeila. Mbono hata mbuzi hawatakusaidia kuumaliza.

Kuhusu baba yako, unamwogopa bure. Mzee aliyekutambulisha mnadani hawezi kukukana nyumbani, ila usimwendee na maneno ya "umekosea" wala "bibi alisema." Mfuate asubuhi akishamaliza kukamua maziwa, msalimie vizuri, umwambie hivi: "Baba, siku ile nilisema vibaya mbele ya watu. Nilisema ngitili imekaa bure, na sivyo. Naomba unisaidie kulirekebisha." Umeona? Hapo aliyekosea ni wewe na wa kurekebisha ni yeye. Hana aibu yoyote ya kubeba. Aibu yako wewe ni ndogo, utaibeba, una umri mzuri wa kubeba aibu.

Kisha mpe la kumwambia wakala, maana mwanamume hawezi kurudi mkutanoni na "hapana" peke yake. Asiweke sahihi wala dole gumba popote mpaka mkutano wa kijiji ukae tena na maneno yasomwe mbele ya wote. Aseme kijiji kiko tayari kupanda mbono kuzunguka mashamba, kuzunguka maboma, na kuzunguka hiyo ngitili yenyewe, iwe ua wa kuzuia ng'ombe wasiingie kabla ya wakati. Aulize mbegu zitanunuliwa kwa bei gani, nani atazibeba barabara ikiharibika, na mwaka ambao mnunuzi hatakuja kijiji kifanye nini nazo. Jibu la hilo la mwisho mnalo tayari: mtazikamua, na Mzee Juvenali atainywesha injini yake. Na mashine mtakayokamulia mbono isije ikarudi kukamua alizeti ya kula, umeelewa? Ile sumu haitanii.

Wewe siku hiyo usisubiri kuulizwa. Nyoosha mkono, simama mbele ya walewale waliokupigia makofi, uyafute maneno yako kwa mdomo uleule. Hawatapiga makofi safari hii. Simama hivyohivyo.

Wakala akikubali mbegu za ua, mshike, huyo ni mtu wa biashara, na klabu yenu iombe mashine mchana kweupe. Akikataa mbegu na kung'ang'ania nyasi, basi mmwombee safari njema, kwa maana alichokifuata kwenu hakikuwa mafuta.