Asubuhi Ambayo Hukuwa Ukiigiza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na salamu hii kwa sababu siku ile sikukuamkia, na tangu hapo kila nikimwamkia mtu mzima hapa mtaani Shika Adabu naona kama namgawia haki yako.

Jumapili iliyopita walikurudisha tena kwenye runinga. Ni kile kipindi chako cha Bwana Muhuri, karani asiye na ofisi anayezunguka mtaani na muhuri wake akigonga kila kitu: vitambulisho, mikate, kipara cha chifu. Mama aliongeza sauti. Jirani yetu Bi Zuhura aliingia akakaa mkekani, na ulipomgonga muhuri mbuzi wa mahari, yeye akajishika mbavu. "Wallahi bwana huyu atatuua, na mwenyewe keshatangulia!" Mama alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Mimi nilitoka nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Watu wanatumiana vipande vyako kwenye simu na kuandika kwamba wamekukosa. Wao wanakukumbuka ukichekesha. Mimi nakukumbuka ukiwa kazini, na kazi yako ilianzia sebuleni kwetu. Mhusika mpya hakutoka nje ya nyumba hii kabla hatujamjaribu sisi. Ulikuwa unaamka tu ukiwa mtu mwingine, bila kutuonya. Kuna siku ulitoka chumbani ukiwa mwalimu wa kwaya aliyestaafu, ukakataa kunywa chai mpaka mama aimbe sauti ya tatu. Siku nyingine ulikuwa mganga anayeogopa kuku. Kanuni ilikuwa moja: mgeni ajibiwe kama mgeni. Atakayecheka, au atakayeropoka akakuita baba, ataosha vyombo siku nzima. Hata shikamoo hatukukupa, maana baba alikuwa hajafika. Mpaka usimame wima useme, "Haya, nimerudi," ndipo tukurukie na salamu kana kwamba umetoka safari ya mbali.

Vyombo mimi sikuviosha hata mara moja. Ulimwambia mama, "Huyu Kadzo hapasuki kicheko. Ningekuwa na waigizaji watano kama huyu, ningefika mbali." Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sifa ile niliibeba kichwani kama taji.

Na mbali ulifika, baba, kwa mtu aliyekuwa kibarua wa kiwanda Changamwe. Yote yalianza na mchezo wa Pasaka kanisani. Ulikuwa Pilato, ukanawa mikono, ukaomba sabuni, ukanawa tena, ukaulizia taulo, hadi padre mwenyewe akainama nyuma ya madhabahu mabega yakimtikisika. Muumini mmoja aliyefanya kazi ya vipindi vya televisheni akakufuata mlangoni. Ukawa mchekeshaji wa runinga miaka yote ile. Kisha ikaja ile filamu moja waliyoipigia ufukweni Shelly Beach. Tulivaa nguo za Krismasi kwenda kuitazama, kumbe wewe ni mhudumu wa hoteli mwenye sinia na maneno manne. Ukumbi mzima uliangua kicheko kabla hujafungua mdomo. Kwenye feri, tukirudi, ulisema tu, "Wameanza kucheka kabla sijasema."

Nilidhani unajisifu. Nilikuelewa siku tulipomzika bibi kule Kaloleni, uliposimama kuwashukuru waombolezaji. Ulisema "Mama yangu," na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Wakafuata wengine, wakifunika midomo kwa leso. Ulisubiri. Walipokosa kunyamaza ulikaa, na hukutuambia kamwe ulitaka kusema nini juu ya mama yako.

Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Asubuhi ile mama alikuwa nyumba ya pili, kwa Bi Zuhura, wakisukana nywele. Ningepaza sauti tu angenisikia. Ulitoka chumbani ukiushika ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia. Nikasema moyoni, huyu mzee mkali, hajawahi kutuletea mtu kama huyu. Ulikaa nusura ukikose kiti, ukajiweka sawa. Maneno yakakutoka mazito, yamevurugika, lakini niliyapata.

"Niitie mamako."

Nikakaza uso. "Mzee, umepotea nyumba. Hapa hakuna mama."

"Kadzo. Mamako."

Wahusika wako hawakuwahi kulijua jina langu. Hilo peke yake lingetosha kunigutusha. Badala yake nikaona unanitega ili nikuite baba. Nikakujibu, "Mama huyo ameolewa Ukunda, mzee wangu. Pole sana." Nusu ya uso wako ikatikisika. Nilidhani unabana kicheko, nikafurahi kwamba nimekushinda. Nikakumiminia chai. Ikakuchuruzika kidevuni ikalowesha shati, nami nikakustahi zaidi kwa ufundi wako.

Nikaendelea na kazi zangu. Nilikupita mara ngapi sijui, nikikutupia maneno ya utani, nikingoja useme umerudi. Chai ikapoa. Jua likafika kizingitini. Mara ya tatu ulimwita bila maneno, sauti tupu tu, kisha ukateleza kutoka kitini, na hapo ndipo nikasema baba.

Kwenye tuktuk mama alikushika kichwa, kwenye feri akakupepea kwa leso. Hospitalini daktari akauliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikajibu, "Sasa hivi tu." Akaandika. Swali lile lina sababu yake, na jibu la uongo lina matokeo yake. Sijawahi kumuuliza mtu ni yapi. Naogopa kuambiwa.

Uliishi siku nne bila kutamka neno.

Kwenye mazishi walinipa nafasi ya kusema. Nikawaambia baba amekufa akiwa kazini, akituandalia mhusika mpya. Walicheka huku wanalia, wakapiga makofi. Watu wananisimamisha mpaka leo kunisifu kwa maneno yale. Naitikia. Nachukia kuitikia.

Ila kinachonimaliza, baba, ni mama. Kila kipindi chako kikiisha huzima runinga na kuniuliza swali lile lile. "Babako hakusema kitu asubuhi ile? Hata neno?" Nami humjibu, "Hakusema, mama." Zamani alikuwa analia. Siku hizi amekasirika. Juzi nilimsikia akimwambia Bi Zuhura, "Miaka thelathini na mbili nimekaa naye. Mimi niko ukuta wa pili, naye hana habari nami. Alinisahau." Bi Zuhura akamwambia asiseme hivyo. Mama akasema, "Basi angeniita."

Nimejaribu kumwambia. Ninafungua mdomo, natoa habari za mkaa na maji. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, ambaye huwezi kuniangalia, na barua hii nitampa yeye kabla mtu mwingine hajaiona. Mama husoma polepole, kidole chini ya mstari. Sijui kama akimaliza nitakuwa bado na mahali pa kulala humu ndani. Hata pakiwepo, usingizi sina.

Kwaheri, baba. Sikuombi msamaha, kwa sababu huna tena mdomo wa kunijibu, na ulipokuwa nao ukikushinda mimi nilikuwa nashindana nawe. Pumzika kama unaweza. Mimi siwezi.

Na wewe mama, ukifika hapa: alikuita. Mara tatu. Mimi ndiye niliyemwambia hupo.

Mtoto wenu