Sura ya Mwaitu Kwenye Fremu

Alhamisi, 12 Julai 2007. Manyunyu tangu asubuhi, vilima vya Iveti havionekani. Naandikia saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, kwa sababu ile kompyuta ya kazini sitaki kuitazama tena leo.

Nianze na Jumatatu. Watoto wa marehemu Tabitha walikuja kwenye duka letu la uchapishaji kutaka kijitabu cha mazishi kinachofanana na tulichomtengenezea baba yao zamani. Faili ya baba ilichorwa kwa toleo la zamani la programu yetu. Toleo jipya liliifungua, lakini herufi zilitawanyika na fremu ya picha ikatoweka.

Nikatafuta diski ya toleo la zamani, nikaliweka tena kando ya jipya, kila moja na folda yake. Kila lilipouliza kama lifute faili za jipya, nilijibu hapana. Nilijiona mtu wa utaratibu.

Picha ya marehemu ilikuwa bado haijaletwa. Ili kuijaribu fremu, nikaweka picha iliyokuwa karibu: ya mama yangu, Mwaitu kama tunavyomwita, akiwa na kitambaa cheupe cha kanisani. Chini yake palikuwa pameandikwa "Safari ya Mwisho".

Nduku, mwenzangu wa kazi, aliona akarudi nyuma.

"Aiya! Ndunge, unamzika Mwaitu na bado anakupikia?"

"Najaribu fremu tu."

"Si ujaribu na yako basi!"

Nilicheka. Nikahifadhi.

Jana picha ya Tabitha ililetwa. Niliihamishia kazi kwenye toleo jipya, maana ndilo wanalotumia wachapishaji wa Nairobi, nikapanga upya herufi na fremu, nikaweka picha yake, nikahifadhi kwa jina lilelile. Folda mbili, jina moja.

Ile ya kwanza sikuifuta.

Leo asubuhi nilitoka kunywa chai. Niliporudi, bosi alikuwa ameshanakili faili kwenye diski mwenyewe na kuondoka kwenda Nairobi kuchapisha. Kwenye kompyuta aliyoiacha, toleo la zamani lilikuwa wazi, na Mwaitu alikuwa ananitazama kutoka ndani ya fremu.

Labda aliifungua tu, akaiona, akaenda kwa ile nyingine. Labda. Lakini bosi hamjui mama yangu wala hakuwahi kumwona Tabitha. Kwake ni mama mzee mwenye kitambaa.

Simu yake ni mteja, haipatikani mchana kutwa.

Saa ya chakula nilienda nyumbani. Mwaitu alikuwa anapiga pasi sare ya akina mama wa kanisa. Tabitha alikuwa rafiki yake, na Jumamosi Mwaitu ataimba kaburini pake.

"Hicho kijitabu uniletee kimoja mapema," akaniambia. "Nataka kuona vile mmemweka Tabitha."

Kisha akakohoa, akaegemea meza.

Ni baridi ya Julai tu.

Vijitabu vitashushwa njia panda ya Kyumbi kesho asubuhi, na kijana wa marehemu ndiye atakayevipokea. Nitafika kabla yake. Nitachana karatasi ya bunda pembeni kidogo, niangalie jalada. Nikimwona Tabitha, nitarudi niliondoe toleo la zamani na kila kilichomo.

Nikimwona Mwaitu, nitalibeba bunda lote kabla mtu hajaliona. Ila sijui nitalipeleka wapi. Nyumbani kwetu haliwezi kuingia.