Hatua ya Tatu ya Mjomba

2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na nyumbani ni wazima. Mimi sijambo.

Chuo kikuu kimeniita kwenye usaili wa kazi ya kufundisha. Natakiwa kutoa mhadhara mbele ya maprofesa wao, na jambo jipya nililo nalo ni moja tu: hoja yako ina kosa. Ile ile iliyokupa uprofesa, kwamba kitu hubaki kile kile hata sehemu zake zote zikibadilishwa. Kwenye hatua ya tatu umechukulia kuwa ni kweli tayari kile ulichotaka kuthibitisha. Nimeikagua mpaka macho yameniuma.

Mantiki umenifundisha wewe, sitaki kukuvunjia heshima. Niseme, au ninyamaze?

Mpwa wako

20 Machi

Shikamoo Mjomba. U mzima kweli? Kimya chako nimekielewa. Nitatafuta mada nyingine, hata kama nafasi yenyewe itanipita. Kazi ziko nyingi, mjomba ninaye mmoja.

Mpwa wako

25 Machi

Marahaba, mkorofi wangu.

Mgongo haujambo. Kinachouma ni kichwa, na aliyekiumiza ni wewe.

Mwanzoni nilikasirika, sikufichi. Kisha nikaanza kuziba hilo tundu. Naziba huku, linafumuka kule. Mama yako alinikuta nabishana na ukuta, akanipikia uji wa mgonjwa. Imeniuma, mwanangu; hoja ile nimeishi nayo ujana wangu wote. Lakini ukibadilisha mada kwa ajili yangu, hapo ndipo tutakosana.

Nakuja kukusikiliza. Usitegemee huruma.

Mjomba wako

18 Aprili

Shikamoo Mjomba. Nimefurahi mmefika salama. Mama anasema ulisinzia safari nzima ya kurudi huku unatabasamu.

Nilipomaliza mhadhara, mkono wa kwanza kunyooshwa ukawa wako! Ulinibana kwa maswali mpaka mwenyekiti wa usaili akaninong'oneza, huyu mzee ana ugomvi gani na wewe? Nilipomaliza kukujibu ukasema, "Nimeridhika," ukakaa. Nilitaka kulia mbele za watu.

Kazi nimepata. Nitafundisha mwaka wa kwanza, na kitabu wameniachia nichague mwenyewe. Nimechagua chako chenye hoja ile, kama kilivyo, na kosa lake mle mle. Sitawaambia kitu. Atakayeligundua mwenyewe nitamleta kwako, umtoe jasho.

Mpwa wako